Bango la Mkahawa na Herufi za Mbao

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninajiandaa kufungua mkahawa, na kwa ajili ya bango nimechagua fonti iitwayo Rosewood, yenye herufi nene zilizotiwa nakshi ndani kama za matangazo ya zamani ya sarakasi. Nimeitumia kwa jina, orodha ya vyakula na namba ya simu. Nilipotundika mfano, aliyesimama ng'ambo ya barabara alisoma jina tu. Je, nibadilishe rangi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Rangi iache kwanza, ndugu msomaji, ziondoe herufi hizo kila mahali isipokuwa kwenye jina.

Sababu imo katika asili yake. Zamani herufi za chapa zilimiminwa kwa madini ya risasi, na zilipotakiwa kubwa zilikuwa nzito na ghali, tena uso wake haukupoa sawasawa. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuzichonga kwa mashine kwenye mbao ngumu, na mwaka 1834 William Leavenworth akaongeza kifaa cha kunakili umbo moja kwa vipimo mbalimbali. Kuanzia hapo wachapaji wa mabango wakapata herufi kubwa, nyepesi na za bei nafuu, na wachongaji wakashindana kwa mapambo. Rosewood, iliyotolewa na Adobe, kampuni ya programu za kompyuta, mwaka 1994, imefuata herufi zilizomo katika kitabu cha sampuli cha William Page, mtengenezaji wa herufi za mbao wa Marekani, cha mwaka 1874, kitabu ambacho kwangu ni hazina, kwa sababu humo herufi moja hugawanywa katika vibao viwili, kila kimoja na rangi yake, kisha kimoja huchapwa juu ya kingine. Ndiyo maana fonti yako pia ina sehemu mbili, moja ya nakshi na nyingine ya kujazia.

Nakshi hizo zilikusudiwa herufi kubwa ya bango. Ukiipunguza mpaka itoshe namba ya simu, vinafasi vilivyo kati ya mistari huzibwa na wino, na kwa mbali 3, 6 na 8 huwa madoa yanayofanana. Vyakula na simu viandikwe kwa herufi za kawaida zisizo na pambo.

Kwenye jina, tandaza sehemu ya kujazia kwa rangi hafifu, kisha nakshi juu yake kwa rangi iliyokolea. Halafu litazame neno MKAHAWA: W na A za mwisho zitaonekana zimeachana, kwa kuwa mshazari wa moja unakwenda sambamba na wa nyingine. Wachapaji wa zamani walikata pembe za vibao ili herufi za namna hiyo zikaribiane. Wewe zisogeze kwenye kompyuta hadi mguu wa A uingie chini ya bega la W, uchapishe mfano mwingine, kisha uvuke barabara ukautazame kabla ya kumlipa fundi.