Degedege siku ya tisa baada ya chanjo ya surua, na nilivyoamua kwa mtoto wa pili

Mzazi mwenzangu, umeeleza kwamba mtoto wako wa miezi minane alipata homa na kulia usiku kucha baada ya kila dozi ya penta (chanjo moja inayokinga magonjwa matano, kifaduro kikiwemo), kwamba mama mkwe wako anakusihi mwili wa mtoto upumzishwe, na kwamba chanjo ya surua inakaribia nawe unafikiria kuiahirisha hadi atimize miaka miwili, mwili wake ukomae kwanza. Ukauliza kama kuna mtu humu aliyewahi kufanya hivyo, na mwishoni ukataja hofu kwamba chanjo hii huleta usonji (autism). Mimi nilifanya, na sababu yangu ilikuwa nzito kuliko homa, kwa hiyo naomba uvumilie urefu wa jibu hili. Mimi si mtaalamu wa afya. Ni baba wa watoto wawili aliyeogopa, akauliza, na akachelewa kupata majibu.

Mtoto wangu wa kwanza alichanjwa surua na rubella kwa tarehe yake. Kwa siku nane alicheza kama kawaida, nasi tukasahau. Siku ya tisa jioni mwili ulimpanda joto ghafla, na nikiwa nimempakata macho yakapinduka juu, taya likakaza, mkono wa kushoto ukaanza kurukaruka, kisha mwili mzima ukafuata. Nilipokuja kuhesabu nilikuta haikuzidi dakika mbili, ingawa wakati ule ningeapa ni nusu saa. Alipotulia alilala usingizi mzito huku akikoroma, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nikaamini anakata roho.

Hospitali walimpima, wakasema ni degedege la homa, wakamlaza usiku mmoja na kumruhusu asubuhi. Nilimuuliza muuguzi kama chanjo ndiyo iliyoleta homa ile, naye alinijibu bila kuinua macho kwenye daftari kwamba chanjo haina madhara yoyote. Jibu hilo lilinifukuza kliniki kuliko degedege lenyewe. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kwamba lipo jambo, na mtu aliyenificha dogo sikuwa na sababu ya kumwamini kwa kubwa. Mtoto wa pili alipofika umri wa chanjo hiyo, nilimkalisha nyumbani kwa miezi kumi na mmoja.

Hakuugua. Nalisema hili mapema kwa sababu ungeweza kutarajia hadithi ya baba aliyeadhibiwa kwa ukaidi wake, na mimi sina hadithi hiyo. Mwanangu alipita miezi ile salama, na kwa muda mrefu nililichukulia hilo kama ushahidi kwamba nilikuwa na hekima.

Aliyenitikisa ni dada yangu mkubwa, bila yeye mwenyewe kujua. Jicho lake la kulia lina kovu jeupe juu ya mboni, na akisoma ujumbe kwenye simu hugeuza uso kidogo kuelekea kulia ili jicho la kushoto lichukue kazi. Nimekua nikiliona kovu lile na nyumbani tulisema tu kwamba aliumwa macho utotoni. Siku moja nilimuuliza mama aliumwa nini hasa, naye akajibu kwa sauti ya mtu anayetaja jambo linalojulikana: surua. Upele ulipoanza kupukutika, jicho likawa halifunguki, na lilipofunguka lilikuwa hivyo. Daktari wa watoto alinifafanulia baadaye kwamba surua humaliza akiba ya vitamini A mwilini, kioo cha jicho kikapata kidonda, na kidonda kikiacha kovu ndipo uoni unapopotea.

Hapo ndipo nilipoona kosa la mizani yangu. Hatari ya chanjo ina tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, ina mkono uliomshika mtoto, na mkono huo ni wangu. Hatari ya ugonjwa haina tarehe, na ikimpata mtoto hakuna anayesema kwamba ilimpata kwa sababu ya siku fulani ambayo baba yake aliamua kubaki nyumbani. Ndiyo maana degedege la dakika mbili lilikaa kwenye kumbukumbu yangu kama kosa nililolitenda, ilhali jicho la dada likakaa kama bahati mbaya.

Daktari huyo wa watoto alinipa majibu ambayo muuguzi yule alininyima, nami nakupa kama nilivyoyapokea. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Huchukua siku kadhaa kuzaliana kabla mwili haujaanza kupambana navyo, na kwa sababu hiyo homa yake, ikija, huja takriban kati ya siku ya 6 na ya 12. Siku yangu ya tisa ililingana kabisa. Penta haina kirusi hai ndani yake. Homa yake huja siku hiyohiyo au ya pili na kuondoka upesi. Kilio cha mwanao usiku ule kinaelekea kutokana zaidi na kijenzi cha kifaduro, hasa kama mlipata ile iliyotengenezwa kwa bakteria wazima waliouawa. Ipo aina nyingine iliyosafishwa ambayo huleta homa kidogo zaidi, lakini kinga yake hufifia mapema, na kila nchi imechagua ipi iibebe. Kwa hiyo homa ya penta haikuambii lolote kuhusu atakavyoipokea ya surua. Neno chanjo ni moja, lakini vitu vyenyewe ni vingi, na hofu ya kimoja tunaihamishia kwa kingine bila kujua.

Kuhusu degedege, makadirio ni kwamba chanjo ya surua, rubella na matumbwitumbwi huongeza kisa kimoja kwa kila dozi 3,000 hadi 4,000. Kumbuka kwamba watoto wawili hadi watano katika kila mia hupata degedege la homa kabla ya kufikisha miaka mitano, kwa homa yoyote ile, na walio wengi sana hukua bila kifafa na bila kudumaa akili. Surua yenyewe huleta homa inayoweza kufika nyuzi 40 kwa siku kadhaa, na kwa takriban mgonjwa mmoja katika 1,000 huvimbisha ubongo.

Sasa hoja yako ya kusubiri mwili ukomae. Nami niliitumia, na ndiyo iliyoniaibisha zaidi nilipoambiwa ukweli wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba hatari ya degedege baada ya chanjo ya surua ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 16 hadi 23 kuliko waliochanjwa wakiwa na miezi 12 hadi 15. Nilimchelewesha mwanangu ili kumwepusha na degedege, kumbe nilikuwa namsukuma kuelekea umri ambao degedege hilo huja kwa urahisi zaidi, huku nikimwacha wazi kwa surua kwa karibu mwaka mzima.

Kuna wakati hofu ya madhara ya chanjo iliyafikisha mataifa mazima mahali nilipofika mimi. Mwaka 1975 Japani ilisimamisha kwa muda chanjo ya kifaduro baada ya watoto wawili kufariki kufuatia sindano. Ilirejeshwa baadaye, lakini wazazi walikuwa wameshaingiwa na woga na waliochanjwa wakapungua mno. Mwaka 1974 nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa wa kifaduro wasiofika 400, bila kifo. Mwaka 1979 walikuwa takriban 13,000, na 41 walikufa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2006, watafiti wa Australia waliwachunguza watu 14 ambao ubongo wao ulidaiwa kuharibiwa na chanjo ya kifaduro, wakakuta 11 kati yao wana hitilafu ya jeni inayosababisha aina kali ya kifafa cha utotoni. Homa ya chanjo iliweza kuamsha degedege la kwanza, lakini kifafa chenyewe kilikuwa njiani. Sisemi haya kuwadharau wazazi wale. Mtoto aliyekuwa mzima asubuhi, akachomwa sindano, jioni akakakamaa: ni nani angeamini kitu kingine?

Suala la usonji ulilolitaja mwishoni nitalipita haraka, kwa sababu limechunguzwa hadi limechakaa. Lilitokana na andiko la mwaka 1998 la daktari Andrew Wakefield wa Uingereza lililohusu watoto 12 tu. Jarida lililolichapisha lilikuja kulifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo mwandishi akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Nchini Denmaki walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka mwaka 2019, na waliochanjwa hawakuonekana kupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kinachowachanganya wengi ni umri: dalili za usonji huanza kuonekana wazi karibu na kipindi kilekile chanjo hii inapotolewa.

Ipo hofu moja, hata hivyo, ambayo wazazi huizungumza kidogo nami naiona ya haki kuliko zote, nayo ni hofu ya mkono wa binadamu. Mwaka 2018 huko Samoa watoto wawili walikufa dakika chache baada ya kuchanjwa surua. Chanjo ilikuwa nzima. Wauguzi waliuchanganya unga wake na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda, badala ya maji yake maalumu. Utoaji wa chanjo hiyo ukasimamishwa kwa miezi kadhaa, wazazi wakaiogopa, na surua ilipoingia mwaka 2019 iliua watu 83 katika nchi yenye watu wapatao 200,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Kisa hiki hutumiwa na pande zote mbili za mabishano, na kila upande husoma nusu yake.

Mimi nilijifunza kwacho kutazama. Siku nilipompeleka mtoto wa pili niliomba nione kichupa, na muuguzi wa safari hii, mama mtu mzima mwenye subira, alikigeuza akanionyesha alama ndogo ya duara lenye mraba katikati. Mraba ule huanza ukiwa mweupe na hukolea rangi kadiri kichupa kinavyopigwa na joto. Ukifanana na duara linalouzunguka au kuwa mweusi kuliko hilo, kichupa hutupwa. Akanionyesha pia saa aliyouchanganya unga, aliyoiandika kwa kalamu ubavuni, kwa kuwa chanjo hii ikishachanganywa haitumiki baada ya saa sita. Hakuona kwamba namtuhumu. Alisema anatamani wazazi wote waulize.

Kabla ya hapo nilimweleza habari ya degedege la kaka yake. Aliniuliza kama mtoto huyu amewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya dozi yoyote, kama ana ugonjwa unaodhoofisha kinga ya mwili au anatumia dawa za namna hiyo, na kama siku hiyo ana homa kali. Hizo ndizo sababu za kweli za kusitisha au kuahirisha, na kama mwanao ana mojawapo, daktari ndiye wa kuamua. Mafua madogo hayamo, wala homa ya penta. Hata degedege la homa halimo, la kwake au la nduguye, ila lazima lisemwe mapema.

Alinieleza nisimpe parasetamoli kabla, kwa sababu haizuii degedege. Nimpe homa ikimsumbua, kwa kipimo cha uzito wake. Na degedege likija, nimlaze kwa ubavu, nisimtie kitu chochote mdomoni, nitazame saa, na likizidi dakika tano nikimbilie hospitali.

Nililala sakafuni kando ya kitanda chake kuanzia usiku wa saba. Usiku wa nane kipimajoto kilisoma nyuzi 38.3, wa tisa 38.6, na vipele vichache vikatokea kifuani. Alikunywa maji, akalalamika, akalala. Siku ya kumi na moja alikuwa anavuta mapazia kama desturi yake.

Kwa hiyo ukienda, chukua kadi na uandike pembeni, kwa kila dozi ya penta, homa ilianza saa ngapi, ilifika wapi na ilikaa muda gani. Mpe muuguzi aisome kabla hajafungua kichupa. Akikujibu kama yule wa kwanza wangu, omba kumwona mwingine siku hiyohiyo, usirudi nyumbani na hofu yako kama nilivyorudi mimi. Kisha hesabu siku kuanzia sindano, na zile za sita hadi kumi na mbili usipange safari.