Kabla hujatoa laki tatu za kadi ya grafiksi

Vijana wanaoanza huniuliza swali moja kuhusu kadi ya grafiksi, kile kifaa kinachotengeneza picha za kompyuta: "Kaka, nina laki tatu, nichukue kadi gani?" Nami huwarudishia mawili: mashine yako ni ipi, na unataka ikufanyie kazi gani? Shughuli yangu ni kuunganisha na kutengeneza kompyuta hapa Dar, na ushauri wangu kwa mtu mgeni ni huu: bei anayokutajia muuzaji ichukulie kuwa ni mwanzo tu wa hesabu. Endelea kujumlisha kila shilingi itakayokutoka mpaka kadi iwake ndani ya mashine yako na kufanya kazi uliyoinunulia. Jumla hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Tuanze na kazi. Mcheza gemu, mhariri wa video za harusi na mwanafunzi wa usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi wanaweza kuwa na hela sawa mfukoni, na bado kila mmoja akahitaji kadi yake. Chukua RX 580 ya AMD yenye memori ya GB 8, ambayo mitumba yake ni mingi. Kwa gemu bado inajitahidi vizuri. Ila mwanafunzi anayetengeneza picha zake za 3D kwa programu ya Blender ataumia, kwa sababu tangu toleo la 3.0 lilipotoka Desemba 2021, Cycles, injini yake ya kutoa picha zilizokamilika, iliacha kuzitumia kadi za familia hiyo. Kadi itakaa pale na GB zake 8, na prosesa ndiyo itakayotoka jasho. Huyo ni afadhali achukue GTX 1650 ya Nvidia yenye GB 4, ingawa dukani mtu atamwambia 8 ni kubwa kuliko 4.

Kwenye video pia kuna mtego. GT 1030, RX 6400 na RX 6500 XT hazina enkoda ndani yake, yaani ile sehemu ya chipu inayosaidia kutoa video iliyokamilika au kurusha gemu mubashara. Ukinunua moja kati ya hizo ukidhani itakufupishia muda wa kutoa video ya saa mbili, hutaona tofauti uliyoitarajia. Halafu kuna mtu ambaye hahitaji kadi kabisa. Prosesa nyingi za Intel zenye grafiksi ndani zina Quick Sync, yaani enkoda yake yenyewe, tangu 2011, na mhariri anayetumia RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka atanufaika zaidi akiweka SSD na kufikisha RAM GB 16. Nimewaambia wengi hivyo na sijutii, hata kama duka fulani lilikosa mauzo siku hiyo.

Sasa mashine yenyewe. Wengi wetu Dar tunaanza na kompyuta za ofisi zilizotumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara na bei zake ni za kibinadamu, ila zile nyembamba zina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni urefu wa nafasi: zinapokea kadi fupi kwa kimo tu (low profile), yenye bamba fupi la nyuma. La pili ni umeme. Pawa saplai zake nyingi ni za wati 240 au pungufu, na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Soketi ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, kwa kawaida inatoa wati 75 tu, kwa hiyo hapo tafuta kadi isiyozidi hizo: GTX 1050 Ti, GTX 1650 isiyo na tundu la umeme, RX 6400, au RTX 3050 ya GB 6, ambayo hula wati 70. RX 580 inataka 185. Fundi akikwambia atakuunganishia waya wa kubadilisha kutoka SATA, ule wa kulisha diski, ili iwake, mkatalie. Waya ule haukutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo, na nimeona plastiki yake ikiwa imeyeyuka.

Ukiamua kubadili pawa saplai, usisome ile "500W" iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Geuza, soma jedwali dogo, tafuta mstari wa +12V. Zidisha ampia zake kwa 12. Ikisema ampia 16, una wati 192 za kulisha kadi na prosesa kwa pamoja, na hizo nyingine ni maandishi ya kiwandani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua bei, gawa kwa idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde ambazo kadi inatoa kwenye gemu unalocheza wewe. Vipimo vya watu viko tele YouTube. Tuseme kadi ya kwanza ni shilingi 250,000 na inatoa fremu 50: kila fremu ni shilingi 5,000. Ya pili ni 330,000, fremu 75: kila fremu ni 4,400, na inaonekana ndiyo yenye nafuu. Lakini inadai pawa saplai mpya ya 90,000. Sasa ni 420,000, na fremu moja imepanda hadi 5,600. Na kama monita yako ni ya Hz 60, yaani inaonyesha picha 60 kwa sekunde, zile 15 za juu hutaziona, kwa hiyo gawa kwa 60: shilingi 7,000. Kadi iliyokuwa nafuu dakika moja iliyopita imekuwa ghali.

Weka na umeme wa LUKU humo. Tofauti ya RX 580 na GTX 1650 ni kama wati 110 zote zikifanya kazi kwa nguvu. Saa tano kila siku kwa siku 30 ni uniti 16 na nusu. Kwa ile bei ambayo 10,000 inakupa uniti 28 hivi, hapo ni karibu shilingi 5,900 kwa mwezi, au elfu sabini kwa mwaka. Kama nyumba yenu iko kwenye kundi la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti hizo zinaweza kuwavusha kwenye bei kubwa, na hapo mtagombana na mama bure.

Sehemu inayowaliza wengi ni majina. Kampuni hutoa kadi mbili tofauti chini ya jina moja, na muuzaji, hata aliye mwaminifu, anakutajia jina tu. GT 1030 iliyotoka 2017 ilikuwa na memori ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikaja nyingine ya DDR4, jina lile lile, inayopitisha chini ya GB 17. Kwenye gemu ni kadi mbili tofauti kabisa. GTX 1060 ya GB 3 ina koa (cores, vichakataji vidogo ndani ya chipu) 1,152, ya GB 6 ina 1,280, kwa hiyo hujapunguziwa memori peke yake. RX 580 kamili ina 2,304. Ile iliyoandikwa 2048SP kimsingi ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. RTX 3050 ya GB 6 nayo ni dhaifu kuliko ya GB 8, ila hiyo naitetea, kwa sababu inaingia kwenye mashine ambazo ya GB 8 haiwezi. RX 6500 XT inatumia njia nne tu za data za PCIe. Kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 njia hizo zinapitisha nusu ya kile ilichoundiwa, na memori yake ya GB 4 ikijaa utaona gemu linakwama kwama.

Angalia na umri wa draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Nvidia ilisitisha draiva za kawaida za kizazi cha GTX 10 Oktoba 2025, zikabaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. Gemu zako za zamani zitaendelea kucheza, lakini bei ya GTX 1050 Ti au 1060 lazima ishuke kwa sababu hiyo, na mwambie muuzaji hivyo waziwazi. GTX 1650 haikuguswa na uamuzi huo.

Ukifika Kariakoo, winga, yaani dalali wa mtaani, atakupokea kabla hujavuka barabara. Hana ubaya, anatafuta riziki, ila kamisheni yake imo ndani ya bei yako. Nenda mwenyewe hadi kaunta, ulize bei maduka matatu manne, kisha omba kadi iwashwe. "Kaka, hii ni mali safi, haina haja ya kuwashwa" ni jibu la kukufanya uage kwa heshima.

Kijana mmoja aliniletea GTX 1050 Ti ya GB 4 aliyouziwa kwa bei ya kutupa. Nilipoishika tu niliona tundu la bluu la VGA, lile la monita za zamani, nyuma yake, wakati chipu za kizazi hicho zenyewe hazitoi tena picha kwa VGA. Tulipofungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, jina lilitanguliwa na neno FAKE; programu hiyo imekuwa ikizitambua kadi hizi tangu 2018. Ndani ilikuwa chipu ya GTX 550 Ti, kadi ya 2011, iliyoandikiwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ya uongo. Kwa hiyo nenda na GPU-Z kwenye flashi. Linganisha idadi ya koa (humo zimeandikwa Shaders), aina ya memori na upana wa njia ya memori (Bus Width) na vile vya kadi halisi. Kisha endesha FurMark, programu ya kuichosha kadi, kwa dakika kumi na tano, ukitazama joto na kusikiliza feni. Madoadoa kwenye skrini, giza la ghafla, au joto linalokimbilia nyuzi 90, rudisha kadi kaunta.

Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali watu wanaziogopa kupita kiasi. Zilimiminika sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, na nyingi ni nzima. Feni huwa zimechoka, pesti ya kupitishia joto imekauka, na baadhi zilibadilishwa BIOS. Hayo yanarekebishika kwa gharama ndogo, mradi uyatoe kwenye bei. Mimi naogopa zaidi kutu kwenye skrubu na bamba la nyuma, maana chumvi ya hewa ya pwani ikishaingia kwenye njia za shaba, fundi hana la kufanya.

Mkikubaliana, dai risiti ya EFD, na mwombe aandike jina lote la kadi: aina ya memori, ukubwa wake na serial namba iliyo kwenye stika. "Graphics 4GB" peke yake haitakusaidia ukirudi kudai. Muda wa waranti uandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, na kadi uifunge na kuijaribu jioni ile ile ufikapo nyumbani.