Kondo la nyuma halijatoka: fungua hilo tofali

SWALI: Daktari, shikamoo. Ng'ombe wangu chotara alizaa jana alfajiri, ndama mzima kabisa, lakini mpaka sasa kondo la nyuma linaning'inia. Jirani anataka kulifungia kipande cha tofali livutike lenyewe. Nikubali? – Mfugaji, Kongwa

JIBU: Marahaba. Usikubali. Kama ameshalifunga, nenda kalifungue kwanza, ndipo urudi kusoma.

Kondo la ng'ombe limeshikana na ukuta wa mji wa mimba kwa vifundo vingi, kama 75 hadi 120, kila kimoja kimeng'ata mwenzake. Baada ya kuzaa vinaachia polepole, kwa kawaida ndani ya saa 12. Vyako havijaachia. Ukivivuta kwa uzito, kondo litakatika na mabaki yaozee ndani, au mji wa mimba utoke nje pamoja nalo.

Mpime joto asubuhi na jioni. Likifika 39.5, au akigoma kula na kuzubaa, mwite daktari siku hiyo hiyo. Akiwa anakula vizuri na hana homa, liache. Litaoza na kuanguka lenyewe, mara nyingi kati ya siku ya 4 na ya 10. Harufu itakuwa mbaya, vumilia. Kata tu kipande kinachoburuta chini.

Tofali lina nafuu kuliko wale wanaopita vijijini na pikipiki na mfuko wa dawa, wakijiita madaktari. Anaingiza mkono mtupu hadi begani, anang'oa kifundo kimoja kimoja mpaka damu inatiririka, kisha anamimina maji ya chumvi na kudai pesa yake. Ng'ombe wa namna hiyo naletewa miezi baadaye: anapandishwa kila mara na hashiki mimba. Na mtu huyo huyo akiitwa kwa punda atasema, "Subirini, hata ng'ombe husubiri." Punda si ng'ombe! Kondo lake limegusana na ukuta karibu wote, linapaswa kutoka ndani ya saa 3. Zikipita hizo ni dharura, anaweza kufa.

Huo mkono mtupu unahatarisha hata watu. Ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, hukaa kwenye kondo na majimaji yake, na binadamu anaupata. Vaeni glavu, mama mjamzito asisogee, maziwa yachemshwe. Kondo likianguka, lizikeni kwenye shimo refu mbwa wasilifukue.