Uliza Mwalimu: Taka za nyuklia zikizikwa, zimekwisha?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mvuvi. Tangu itajwe habari ya kinu cha nyuklia Uyombo, barazani hatukuwa na mazungumzo mengine. Sasa twasikia macho yamegeukia Siaya, lakini swali langu liko palepale: taka zake huzikwa wapi? Na zikizikwa, ndiyo zimekwisha?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hazikwishi. Plutoniamu-239, moja ya sumu zilizomo ndani ya taka hizo, huchukua miaka 24,100 kupungua nusu, na nusu iliyobaki nayo huanza hesabu upya.

Waliofika mbali ni Wafini. Kisiwani Olkiluoto wamechimba Onkalo, shimo la kuzikia taka hizo, zaidi ya mita 400 chini, ndani ya mwamba wa miaka bilioni 1.9. Urani iliyokwisha kutumika kinuni kama kuni hutengewa mitungi ya shaba, na kila mtungi huzungushiwa udongo wa bentonaiti, ambao ukilowa huvimba na kuziba. Umeona wanachokikimbia? Maji. Ninyi barazani mnaogopa mlipuko. Mimi naogopa tone.

Waulize Wajerumani. Kati ya 1967 na 1978 walishusha mapipa kama 126,000 ya taka za nyuklia katika mgodi wa zamani wa chumvi uitwao Asse, mengine yakimwagwa kwa tingatinga kama kokoto. Chumvi ni kavu, walisema. Leo maji yanaingia mgodini, kama lita 12,000 kwa siku, na sheria yao inataka mapipa yatolewe. Kuyatoa ndiyo kazi!

Hapa kwangu palikuwa na shimo la taka nyuma ya jiko. Betri za redio ya marehemu baba zilikuwa zikitupwa humo. Shimo likajaa, tukalifukia, tukapanda mgomba. Mwaka juzi mjukuu wangu alichimba choo papo hapo, jembe likaibua betri zilizovimba, ganda limeliwa na kutu, unga mweusi umeshikana na udongo. Ni miaka arobaini tu. Nami nilikuwa nimekaa mkekani namtazama akichimba, nimesahau kabisa.

Kwa hiyo siku wakija na michoro yao, msiishie kuuliza shimo litakuwa na kina gani. Ulizeni maji ya visima vyenu yanapita wapi chini kwa chini, na ramani ya shimo atakabidhiwa nani.

Zile betri nimezitia kwenye kopo la rangi, liko chini ya kitanda. Sijapata pa kuzipeleka.