Kabla hujanunua antena nyingine, kagua waya

Kila anayeniomba ushauri wa antena huanza na swali la ninunue ipi. Mimi humuuliza kwanza: mnara wa matangazo uko upande gani wa nyumba yako, na uko mbali kiasi gani? Asipojua hilo, antena ya bei kubwa inaweza kumsumbua sawasawa na ya bei ndogo.

Yale maandishi ya "HD" kwenye boksi yasikutishe. Antena hupokea mawimbi ya redio ya masafa fulani, basi. Kuyageuza kuwa picha angavu ni kazi ya king'amuzi au televisheni yenyewe. Antena ya UHF (masafa ya juu ya televisheni) ya enzi za analojia, kama vijiti vyake havijavunjika wala kuoza kwa kutu, huleta HD vizuri kabisa. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kama televisheni yako inasoma mfumo wa matangazo ya nchi uliyopo, maana chombo cha ATSC, mfumo wa Marekani, hakitasoma DVB-T2, ambao ni mfumo mwingine.

Jambo la pili ni masafa. Chaneli nyingi za kidijitali ziko UHF, kuanzia 470 MHz kwenda juu, lakini zipo nchi zinazotumia pia VHF, masafa ya chini yake. Kwa 600 MHz kijiti cha antena chenye urefu wa nusu wimbi ni kama sentimita 25; kwa 200 MHz kinafika sentimita 75. Ndiyo maana viantena bapa vya kubandika dirishani huhangaika na VHF hata vikisifiwa vipi.

Kama mnara uko karibu, antena ya ndani iliyowekwa kwenye dirisha linaloutazama inatosha. Ila usiifiche nyuma ya televisheni, na kama paa lako ni la mabati usitegemee kuiweka darini. Mnara ukiwa mbali, panda nje na Yagi, ile ndefu yenye vijiti vilivyopangwa kwenye fimbo moja. Ilibuniwa Japani mwaka 1926 na mpaka leo sijaona cha kuishinda kwa kazi hii. Kati ya kuongeza vijiti na kuongeza urefu wa mlingoti, mimi huchagua mlingoti, ilimradi uwe mbali na nyaya za umeme na uunganishwe ardhini.

Wakati wa kuielekeza, usiangalie picha. Zamani mawimbi yakipungua uliona chenga, ukajua. Dijitali hukupa picha safi mpaka dakika ya mwisho, kisha inakatika vipande vya mraba, inaganda, inapotea. Fungua menyu ya king'amuzi, utaona vipimo viwili: nguvu na ubora. Fuata ubora. Nguvu ikiwa juu huku ubora uko chini, huenda mawimbi yanarudi kutoka kwenye majengo au yamezidi kiasi. Zungusha antena kidogo, tulia sekunde chache, soma, zungusha tena. Kipimo hakibadiliki papo hapo. Tazama pia antena za majirani: vijiti vyao vikiwa vimesimama wima, na vyako visimame hivyohivyo.

Sasa busta. Watu wanaamini busta ni dawa ya kila kitu, na inaniuma kuona pesa zikipotea hapo. Busta hukuza yaliyofika pamoja na kelele zake. Mawimbi yakiwa tayari mabovu, utapata ubovu uliokuzwa. Kwa aliye karibu na mnara ndiyo kabisa, inaweza kukizidi king'amuzi na chaneli zikatoweka. Faida yake ni kufidia upotevu wa waya, kwa hiyo mahali pake ni juu mlingotini, karibu na antena. Na upotevu huo si mdogo: waya mzuri wa antena wa aina ya RG6 wa mita 15 hivi hula karibu nusu ya nguvu ya UHF. Ukiweka splita ya kugawa mawimbi kwa televisheni mbili, kila moja inapata chini ya nusu ya kilichobaki.

Antena iliyokuwa ikifanya kazi ikianza kusumbua, mimi naanzia kwenye konekta. Ifungue, uangalie kwa mwanga mzuri. Mara nyingi nakuta unyuzi mmoja tu wa ule wavu wa nje, mwembamba kama nywele, umegusa shaba ya katikati. Huo peke yake ni shoti, na kama king'amuzi ndicho kinachopeleka umeme kwa busta, nayo inazima. Shaba ikiwa na ukijani au imekuwa nyeusi, maji yameingia. Kukata kipande cha mwisho hakusaidii sana, kwa sababu maji hutembea ndani ya wavu. Badilisha waya wote, funga kiungo cha juu kwa utepe wa kuzuia maji, na uache waya uning'inie kidogo chini ya tundu la ukuta ili matone yadondokee nje.

Mtu akiniambia "ikinyesha tu, chaneli zinakwenda", nashuku kiungo. Mvua haiyasumbui sana mawimbi ya UHF kama inavyoyasumbua ya dishi. Zikikatika kwenye upepo, kaza mlingoti au tazama matawi ya mti ulio mbele. Zikikatika ukiwasha taa fulani ya LED, zima taa hiyo ujaribu.

Chaneli kadhaa husafiri pamoja kwenye masafa mamoja. Likipotea kundi zima, tatizo liko kwenye masafa hayo. Ikipotea moja peke yake na wenzake wapo, usipande juu ya paa. Huenda kituo chenyewe kimezima au kimehamishwa. Hapo ndipo utafute chaneli upya, ila usifanye hivyo ubora ukiwa chini, maana ving'amuzi vingi hufuta orodha ya zamani na kubakiza kile tu kilichopatikana saa hiyo.