Keki ya Jumamosi, friza ya Jumatano

SWALI: Shikamoo mama. Mchana nipo ofisini Mtumba, usiku naoka keki nyumbani Ipagala. Nimepata oda ya sendofu Jumamosi, keki ya ngazi tatu, na Ijumaa natoka kazini saa 11 jioni. Nikioka Jumatano nikaigandisha, si itakauka? Na krimu ya siagi nayo inagandishwa? Naogopa wakijua watasema nimewauzia kiporo.
– Mpishi wa usiku, Ipagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapa Dodoma kinachokausha keki ni upepo. Mwezi wa saba huu, iache wazi mezani usiku mmoja uone, asubuhi kingo zinavunjika kama tosti. Friza haina kosa, mradi umefunga vizuri.

Oka Jumatano usiku kama ulivyopanga, kisha usiwe na haraka. Ipoe mpaka ukiweka kiganja chini yake usisikie vuguvugu hata kidogo. Ukiifunga ikiwa na moto, mvuke unakuwa maji, maji yanakuwa barafu, na ikiyeyuka ngozi ya juu inanata vidoleni. Funga kila keki peke yake kwa nailoni ya chakula, mizunguko miwili, halafu foili. Ilaze mahali palipo sawa mpaka igande. Ikigandia juu ya kuku aliyepinda, nayo itapinda. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri inakaa hata miezi miwili, sembuse siku yako moja.

Wengi wanaharibia kwenye kuyeyusha. Alhamisi usiku ihamishie kwenye friji na nailoni yake, USIFUNGUE. Ule umande utatua juu ya nailoni badala ya kutua kwenye keki. Ijumaa ukirudi, ikate na uipake krimu ya kwanza, nyembamba, ikiwa bado ya baridi. Utashangaa, makombo hayachomoki.

Krimu ya siagi na sukari ya unga inagandishwa bila shida, hata miezi mitatu. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, nailoni ikigusa krimu yenyewe. Nayo ihamie friji Alhamisi, Ijumaa jioni ikae mezani kwa muda wa saa moja hivi, uipige upya kwa mashine. Mwanzoni itakatika ionekane kama maziwa mgando. Usiimwage! Endelea kupiga, ikipata joto itashikana. Rangi tia baada ya hapo. Fondanti usiigandishe, ikiyeyuka inatoka jasho na rangi zinachuruzika. Ile krimu ya mimea ya kupiga, ikishayeyuka usiirudishe kwenye friza.

Sasa nikuambie langu. Mwaka wa kwanza wa biashara nilikuwa na friza moja tu, ya biashara na ya nyumbani. Nikaweka bakuli la krimu, nimelifunika kwa sahani tu, pembeni ya samaki wa Mtera aliotuletea shemeji. Siku ya kupamba, mimi pua ilishazoea, sikusikia kitu. Shangazi wa bibi harusi alionja kwa ncha ya kidole, akanitazama, akauliza taratibu, "Hii ni ya vanila kweli?" Nilipiga krimu nyingine harakaharaka saa 4 usiku, kilo mbili za siagi. Siagi inanyonya harufu kuliko sponji. Kama huna friza ya keki peke yake, samaki wahamie kwa jirani wiki hiyo.

Umeme ukikatika, usifungue fungue kuchungulia. Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, inashika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Yangu ikiwa na nafasi naijaza chupa za maji.

Hilo la kiporo, mimi mteja akiuliza namwambia imeokwa Jumatano. Mmoja alinuna. Kipaimara cha mwanawe kilipofika, akarudi kwangu.