Kingamwili zinazopiga mbegu za mume: je, ndoa ina kasoro?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Nina miaka sita katika ndoa na sijashika mimba. Daktari amesema mwili wangu unatengeneza kingamwili zinazoshambulia mbegu za mume wangu. Mawifi wanadai damu zetu zimekataana, kwamba Mungu haitaki ndoa hii. Ni kweli? Na kutibiwa kunajuzu?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah, dada yangu. Maneno ya mawifi yasikukae moyoni. Hayana mashiko, si katika dini wala katika tiba.

Kazi ya kinga ya mwili ni kumtambua mgeni na kumpiga, na kingamwili ni silaha zake. Na mbegu ni ngeni hata kwa mwanamume mwenyewe, maana huanza kutengenezwa anapobalehe, miaka mingi baada ya kinga yake kujifunza kilicho chake. Ndiyo maana Mola ameweka kizuizi ndani ya korodani, kinachozitenga mbegu na damu. Kikipasuka kwa jeraha au upasuaji, mwanamume huweza kutoa kingamwili dhidi ya mbegu zake mwenyewe. Naye tuseme amejikataa?

Kwa mwanamke, manii huja na vitu vinavyoituliza kinga yake, na kwa wengi hilo hutosha. Kwa wachache kingamwili hutoka, zikazing'ang'ania mbegu hadi zishikane au zishindwe kupenya ute wa mlango wa kizazi. Zinacholenga ni antijeni za mbegu, yaani alama ambazo kinga huzitambua kuwa ngeni, si mtu uliyeolewa naye. Wapo wenye kingamwili hizo waliozaa bila tiba yoyote.

Kutibiwa kunajuzu. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute dawa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Amman, Jordan, mwaka 1986, liliruhusu njia mbili penye haja: manii ya mume kuingizwa katika kizazi cha mkewe, au yai la mke na mbegu ya mume kukutanishwa nje, kisha kupandikizwa kwa mke huyohuyo. Njia ya kwanza inaukwepa ule ute. Mbegu, yai au tumbo la mtu wa tatu ni haramu, hata mkiridhiana.

Mumeo naye apimwe, nasisitiza, kwani mara nyingi mzigo huu hutwishwa mke peke yake. Na yeye ndiye azungumze na dada zake; usiachiwe wewe.

Wallahu a'lam.